Mkono Chini ya Tone

Mimi simwamini mtu. Nawaambia mapema ili msije mkanishangaa katikati ya habari. Ukinisalimia vizuri sana asubuhi, nachungulia kwanza nyuma yako nione umeficha nini. Marehemu mume wangu alikuwa akisema ningekuwa polisi wa mpakani ningewarudisha hata malaika. Nilicheka naye, lakini sikubadilika. Waliotufukuza kwetu Burundi walikuwa majirani waliotusalimia kila siku kwa mikono miwili, kwa hiyo mnielewe.

Jina langu ni Capitoline. Hapa Misiera, kijiji cha kambi ya Nakivale, wananiita Mama Alida, kwa sababu ya binti yangu wa kwanza aliyeolewa Kampala. Nina cherehani ya kukanyaga, nadarizi nembo kwenye kofia. Lakini habari hii si yangu, ni ya mzee Nicodème, Mnyamulenge wa milima ya juu ya Uvira huko Kongo, ambaye meza yake na cherehani yangu viko chini ya bati moja mwaka wa saba sasa. Yeye anachapa nembo kwenye fulana. Mke alimzika njiani akija, watoto hawakujaliwa. Akiwa na kazi anaimba, akikosa kazi anaimba polepole.

Kazi yenyewe nyinyi mnaovaa fulana za mashirika hamuijui. Anachukua fremu ya mbao, yeye anaiita kadre, imewambwa kitambaa chembamba chenye vitundu vidogo mno. Anaingia kwenye chumba chake cha giza, anaipaka dawa inayoogopa jua, anaikausha humo humo. Mchoro wa nembo ameuweka kwa wino mweusi kwenye karatasi, na karatasi ameipaka mafuta ya kupikia mpaka inapitisha mwanga. Karatasi juu ya kadre, kioo juu ya karatasi, blanketi juu ya vyote, anatoka navyo nje kwa hatua ndogo ndogo. Akifunua blanketi, anaanza kuimba. Hana saa ya kazi hiyo. Beti tatu za wimbo wa kwaya yao, na dawa imeiva. Wingu likipita anapunguza mwendo wa wimbo, jua likichoma anaukimbiza. Kisha anafunika, anamwagia maji, na pale palipokuwa na weusi wa mchoro dawa inatoka, njia ya wino inabaki wazi. Mimi Mkatoliki niliwahi kumshauri atumie Salamu Maria, maana zina urefu mmoja. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Alida," akasema, "jua ya hapa iko Muprotestanti."

Rangi moja inataka kadre moja, rangi mbili kadre mbili, na kwenye ya pili ndipo watu wanapolia. Rangi ya pili lazima ikae mahali pake juu ya ya kwanza, na hakuna mashine ya kukushikia. Ni jicho lako na vialama vya msalaba kwenye pembe za kadre, basi. Unashusha, unavuta wino kwa rakleti, yaani ule ubao wenye mpira, na kama ulikosea kidogo tu, fulana imekufa.

Na fulana iliyokufa ina sheria yake. Haitoki mlangoni ikiwa nzima. Inapita kwenye makasi yangu, naikata nembo katikati mara mbili, ndipo inageuka kitambaa cha kufutia wino. Maana hapa kambini nembo ya shirika si pambo. Mtu akija kwako amevaa nembo kifuani, unamfungulia, unamtajia watoto wako, unamwonyesha karatasi zako zote. Sheria hiyo aliileta Nicodème mwenyewe, na makasi akanikabidhi mimi. Alisema mtu asiyemwamini yeyote ndiye anayefaa kuyashika. Nilijisikia sana siku hiyo.

Mwezi wa pili tulipata kazi ya shirika la maji linaloitwa Chemchemi. Fulana mia mbili kwa wale wanaojitolea kutembelea nyumba na kufundisha habari za maji safi. Nembo yao ni tone la bluu, na chini yake mkono mweusi umekinga. Rangi mbili. Tulipeleka zote mia mbili, wakafurahi, na habari zikaanza kusemwa kwamba wanataka nyingine mia sita, na mifuko juu yake. Mia sita! Nicodème alianza kuimba kwa kasi hata wakati hakuna jua.

Halafu Jumatatu moja mtu alifika kwa bibi Mukamurenzi, mjane wa huku kwetu, amevaa fulana ya Chemchemi na daftari mkononi. Akamwambia kadi za posho zinahakikiwa upya, atoe yake, itarudi kesho. Bibi akatoa. Akatoa na ya jirani yake aliyekuwa shambani, maana alikuwa ameachiwa aitunze. Kesho ikapita, mtu hakurudi. Mnajua kadi ya posho ni nini kwa mjane? Ni chakula chake cha mwezi. Siku iliyofuata wanaume wa kijiji cha pili wakamwona jambazi yule yule akigonga milango, wakamkimbiza mpaka njia ya Kabingo. Ili asitambulike, alivua fulana akaitupa kwenye matope, akapotelea kwenye migomba kifua wazi. Wakarudi na fulana tu.

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Vénant, Mrundi mwenzangu, mtu wa sauti ndogo na macho makubwa, aliwaita wote waliopewa fulana za Chemchemi. Kila mmoja akaja na yake. Mia mbili kamili. Kwa hiyo iliyotupwa matopeni ilikuwa ya mia mbili na moja, na hiyo moja ilitoka wapi?

Akaniita kwake peke yangu. Fulana ilikuwa kwenye beseni, imekunjamana, matope yameganda juu yake mpaka huoni kitu ila ncha ya tone la bluu.

"Mama Alida, wewe unaijua kazi hii. Hii imechapwa na mashine ya Mbarara, au imechapwa kwenu?"

Niwaambie ninavyojua. Mbarara kuna maduka yenye mashine za joto. Picha inatolewa kwenye karatasi ya plastiki, inawekwa juu ya fulana, mashine inafunga mdomo, ikifungua picha imeshika. Wanafanya hivyo hata kwenye vikombe. Kalamu nazo wanazigonga kwa kitu laini cha mpira kinachochukua wino na kuuacha, sijawahi kuzoea kukitazama. Ni kazi safi, sikatai. Lakini picha ya joto inakaa juu ya nguo kama utando juu ya maziwa, ukikwaruza pembeni kwa ukucha inanyanyuka. Wino wa kadre unaingia ndani ya uzi wenyewe. Ukigeuza fulana unaona kivuli chake upande wa pili.

Nikakwaruza. Hakuna kilichonyanyuka. Nikageuza, kivuli cha bluu kikaniangalia.

"Ya kwetu," nikasema.

Vénant akashusha pumzi. Akasema Ijumaa Madamu Kyomugisha wa Chemchemi anakuja kutoka Mbarara. Ikionekana Nicodème amechapa za pembeni na kuwapa wezi, kibanda kinafungwa, jina lake linakwenda polisi, na hakuna shirika litakalompa tena hata leso. "Usimwambie. Wewe mwangalie tu."

Nimwangalie! Mimi! Hiyo si kazi ya kunituma mara mbili.

Nilirudi nikakaa kwenye cherehani yangu na kuanza. Na jamani, ukimwangalia mtu kwa nia ya kumwona mwizi, utamwona tu. Nicodème hakumwitikia mtu aliyempungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Nikasema, ana aibu. Alifungua kopo la wino, akalinusa, kisha akaniuliza, "Mama Alida, hii iko nyeusi ao bluu?" Nikasema, anajifanya mjinga. Alitoa kadre ya Chemchemi kwenye sanduku, akaipapasa polepole kwa vidole vyote kumi, akairudisha akafunga kufuli. Nikasema, ahaa. Na jambo kubwa kuliko yote ni Alhamisi. Wiki tatu mfululizo alikuwa akipotea kila Alhamisi, asubuhi hadi alasiri, amevaa koti. Nikimuuliza anasema, "Nilikwenda Mbarara kidogo." Kufanya nini huko, hasemi. Mtu mzima anakwenda kufanya nini Mbarara kidogo kila wiki, na koti?

Basi Alhamisi hiyo nilimfuata. Ndiyo, nilimfuata, mnaweza kucheka. Yeye alipanda gari la kwanza, mimi la pili, kitenge nimejifunika kichwani kama bibi wa msibani. Nilimkuta stendi bado amesimama, anauliza njia aliyoipita wiki tatu. Hilo nalo nikaliweka moyoni kama ushahidi. Akaelekea mtaa wa Ruharo. Alitembea akigusa ukuta, kisha ua, kisha ukuta tena. Nikajiambia anatafuta alama, lazima kuna nyumba wanakokutana.

Akaingia hospitali.

Nikasimama nyuma ya nguzo ya varanda, hatua sita kutoka kwake. Muuguzi mezani alikwishamjua.

"Mzee, umekuja tena peke yako? Tumekuambia mara ngapi? Kutoa mtoto wa jicho unakuja na mtu wako. Sisi tukifunga jicho, nani atakushika mkono? Hilo lingine nalo halioni."

"Mutu yangu iko na kazi," Nicodème akasema.

"Hata wiki iliyopita alikuwa na kazi. Huna hata jirani?"

"Jirani iko." Akapapasa ukingo wa meza. "Lakini ule haamini mutu. Nikimuambia nashindwa kuona, atasema namudanganya niko natafuta kitu."

Yebabawe! Nilishika ile nguzo. Nilitamani itokee shimo niingie. Muuguzi akamwandikia tarehe nyingine kwenye kikadi, mzee akakichukua kwa kupapasa, akakitia mfukoni mwa koti, akatoka akanipita karibu kabisa. Hakuniona. Sikuwa nimejificha tena, nilikuwa nimesimama wazi katikati ya varanda, na hakuniona.

Mnadhani moyo wangu ulilainika wote? Ulilainika nusu. Nusu nyingine, njia nzima ya kurudi, ilikuwa inaniambia: ahaa, na mtu anayepofuka ana shida, na mwenye shida ndiye anayefuatwa na majambazi. Moyo wangu ndivyo ulivyo. Nimeshaomba novena uponywe.

Ijumaa tukakutana kwenye jengo la mikutano. Madamu Kyomugisha, mama wa Mbarara mwenye viatu vya kazi na daftari gumu, alikaa mbele pamoja na mwenyekiti. Bibi Mukamurenzi alikaa na fimbo yake kwenye benchi la kwanza. Nicodème alikaa peke yake. Watu walikuwa wameshajua, na benchi lake halikuwa na mtu mwingine, ingawa wengine walisimama. Mimi pia sikukaa pale. Liandikeni na hilo.

Vénant akatoa fulana kwenye mfuko. Ilikuwa nyeupe pe, imepigwa pasi.

"Banange!" Madamu akaruka. "Mmeifua? Hii si ndiyo ushahidi?"

"Nguo ya matope haingii nyumbani kwangu," mke wa mwenyekiti akajibu kutoka dirishani, wala hakutikisika.

Watu wakacheka. Vénant akaikunjua, akaishika mabegani, akatuonyesha. Mimi nikaacha kucheka.

Tone la bluu lilikuwa mahali pake. Mkono mweusi haukuwa chini ya tone. Ulikuwa pembeni, upana wa vidole viwili kushoto, umekinga hewa. Maji yote ya Chemchemi yangemwagika chini.

Ile haikuwa fulana ya mia mbili na moja iliyochapwa kwa siri. Ilikuwa fulana iliyokufa. Na fulana iliyokufa ilipaswa kupita kwa nani?

Sasa nawaambia jambo ambalo nimelizunguka tangu nilipoanza. Mwezi wa pili, kazi ilipokwisha, Nicodème alinipa furushi la fulana zilizoharibika, akasema ni upepo uliosogeza kadre. Zilikuwa kumi na moja. Mpya. Pamba nzito, shingo imeshonwa mara mbili, hazijawahi kugusa jasho la mtu. Nilichukua makasi. Nikaweka ya kwanza magotini, nikafungua makasi, na mkono ukakataa. Nilifika Nakivale na nguo moja, nikiwa na mimba, nikaivaa miezi mitano. Leo nikate fulana mpya kumi na moja nifutie wino? Nikazipeleka kwa akina mama wenzangu wa parokia, wanaowapokea wageni wapya. Niliwaambia kitu kimoja: wavae ndani nje. Nembo ikae mwilini, isionekane. Nilidhani nimekuwa na akili sana. Nicodème nikampa vipande vya sketi yangu kuukuu kwa kufutia wino, na sikuwaza tena habari hiyo. Mtu ambaye kazi yake ni kuwashuku wengine hapati nafasi ya kujishuku mwenyewe.

"Mzee," Madamu akasema, "hebu iangalie hii. Ni kazi yako?"

Nicodème akaipokea. Hakuitazama. Aliileta puani, akanusa, akapitisha kiganja juu ya tone, kisha kushoto, akaukuta mkono. Kiganja kikasimama hapo.

"Wino ni yangu. Kadre ni yangu. Ni mimi nilichapa."

Watu wakaguna. Bibi Mukamurenzi akagonga fimbo.

"Ulimpa nani?"

"Sikupatia mutu."

"Basi ilitokaje kwenu?"

Akageuza uso kuelekea upande niliokaa. Si kwangu hasa, pembeni yangu kidogo, kama ule mkono na lile tone. Nilijua anajua. Sikujua amejuaje, lakini nilijua.

"Sijue, madame," akasema, akainamisha kichwa.

Madamu akafunga daftari. Vénant akamwambia Nicodème kwa ile sauti yake ndogo aweke ufunguo wa kibanda mezani. Na mzee wa watu akaanza kuutafuta mfukoni, kwenye lile koti, akatoa kwanza kile kikadi cha hospitali, akakirudisha haraka.

Nikasimama.

"Makasi ni yangu," nikasema. "Hiyo imeharibika, tazameni, mkono hauko chini ya tone. Zilizoharibika nakata mimi. Sikukata. Nilizigawa. Huyu mzee hana kosa, ni mimi."

Kelele ilipanda mpaka kwenye bati. Nikaeleza yote, parokia, wageni, ndani nje. Kwamba jambazi aliipata kwa nani, kwa kuiba kwenye kamba au kwa kubadilishana, sijui, lakini aligeuza tu upande na akawa mtu wa shirika. Bibi Mukamurenzi akaninyooshea fimbo.

"Wewe Mama Alida," akasema, "mwaka jana ulininyima kiberiti, ukasema sitakirudisha. Leo chakula yangu umepatia mwizi."

Na kweli nilimnyima.

Madamu Kyomugisha alikuwa bado ananikazia macho. "Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja? Mchapaji anaharibu mbili, anaharibu tatu. Kumi na moja inatoka wapi?"

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Nilikuwa nimemtoa kwenye wizi, na sasa mlango wa pili unafunguka. Nikisema macho, nani atampa kipofu fulana mia sita? Nikasema haraka, "Ni upepo, madamu. Siku ile kulikuwa na upepo mbaya."

"Haiko upepo," Nicodème akasema. Alisimama, akajinyoosha, na kwa mara ya kwanza wiki ile sauti yake ilikuwa ile ya kuimba. "Ni macho yangu. Sionake muzuri tangu mwaka jana. Nilinunua zingine kumi na moja ili hesabu yenu itimie, lakini sikusema. Nilikuwa na woga mutaninyanganya kazi."

Madamu akafungua tena daftari, akaandika kitu, akakata, akaandika tena. Si mtu mbaya yule mama, nilimshuku bure. Alisema kosa la fulana ni langu, nizitafute zote nizirudishe, na nimsindikize bibi Mukamurenzi kila foleni mpaka kadi zipatikane upya, yake na ya jirani. Kuhusu mia sita, hawezi kumpa kazi mtu asiyeona. Lakini atasubiri hadi mwisho wa mwezi ujao. "Niletee fulana moja, mzee. Mkono ukikaa chini ya tone, kazi ni yako. Usipokaa, nampa mwenye mashine Mbarara. Mimi nami nina wakubwa."

Tulirudi kibandani. Nikavumilia mpaka mlangoni.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua tangu mwezi wa pili. Vitambaa ulinipatia ni ya sketi. Vidole vyangu vinaonaka, hata macho ikikataa."

"Kwa nini hukunisema mbele yao?"

"Ningekusema, bangeniuliza sababu gani zilikuwa kumi na moja." Akapapasa kufuli. "Na wewe, Mama Alida, mutu anakuambiaka kitu?"

Niliingia ndani nikalia, hasira na aibu pamoja, nikiwa nimeangalia ukutani. Kisha nikatoka nikamwambia, "Tarehe ya kwenye kikadi ni lini?" Akashtuka mpaka akaangusha ufunguo. Sikumwambia nilikuwa nyuma ya nguzo. Nilimwambia baadaye, na alinitania mwezi mzima.

Wiki mbili nilizunguka vijiji vya wageni nikiwageuza watu kola kama mwendawazimu. Nilipata tisa. Kila niliyemvua nilimpa kitu kingine cha kuvaa, na kitenge changu cha Pasaka kilikwenda humo. Tisa na ile ya jambazi ni kumi, moja bado inatembea mahali. Zote kumi nilizikata. Bibi Mukamurenzi tulipanga naye foleni siku nne, hakunisemesha siku tatu. Ya nne aliniomba kiberiti, akanitazama kama nitathubutu. Nikampa, nikamwambia akae nacho.

Ruharo nilikwenda na Nicodème nikimshika mkono tangu stendi. Muuguzi akauliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema, "Ni yule jirani." Nicodème akageuza kichwa upesi, na hapo ndipo alipokisia kwamba nilimfuata siku ile. Walimfanyia jicho moja. Kesho yake walipofungua bandeji, alikaa akinitazama, akanitazama tena, akasema, "Mama Alida, kumbe umezeeka." Nilitaka kumpiga na mkoba.

Siku ya kuchapa ile fulana moja tulifunga mlango, watu wasituangalie. Alitoka nje na kadre mpya, akafunua blanketi, akaimba beti zake tatu, na wingu lilipopita akavuta sauti mpaka likaondoka. Ndani akatandika fulana, tone la bluu likashuka vizuri. Akasubiri likauke. Kisha akashusha kadre ya pili, akainama juu ya vile vialama vya msalaba, akavuta rakleti mara moja, akanyanyua.

Mimi nilitazama, nikaona uzuri tu. Tone, na mkono chini yake. Nilianza kusema Mungu asifiwe.

"Imekosa," Nicodème akasema.

"Imekosa wapi? Mimi sioni."

"Angalia kidole kidogo. Imekwenda kushoto, unene wa uzi." Alikuwa ameinama na lile jicho lake moja, anacheka peke yake, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Naiona, Mama Alida! Imekosa na mimi naiona! Kata!"

Ilikuwa fulana mpya, pamba nzito, shingo imeshonwa mara mbili. Nikachukua makasi, nikaikata nembo katikati, mara mbili. Nicodème alikuwa ameshatandika nyingine.